Siku Pikipiki Yako Ilipogoma Kuwaka

Kambi ya Baridi,
Bonde la Shar Khad,
Mongolia.
Tarehe 21 Aprili

Mpendwa mdogo wangu Zolbayar,

Salamu nyingi sana kutoka nyumbani. Hujambo huko Korea? Mgongo wako unaendeleaje? Mama anauliza kama bado wanakupa wali mweupe kila siku na kama kuna nyama yenye mafuta ya kutosha. Nimemwambia ipo, maana nikisema haipo hatalala.

Mifugo imevuka baridi kwa taabu. Mbuzi saba wametutoka, na ng'ombe yule mwenye pembe moja naye alilala asiamke. Lakini kondoo wanazaa vizuri, tumeshapata wana sitini na kitu, na majani yameanza kuchungulia upande wa kusini. Mama mzima, ila kikohozi chake cha asubuhi kimemng'ang'ania. Habari za Baba zinakuja.

Najua tabia yako ya kusoma mwisho wa barua kwanza. Safari hii usinifanyie hivyo. Keti mahali, soma kwa mpangilio. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu tukipanda kule kilimani kutafuta mtandao, Mama hunishika mkono na kusikiliza kila neno, na kuna mambo humu ambayo sitaki ayasikie yakisemwa tena. Barua hii ataibeba binti wa Ochir, anayerudi huko kazini wiki ijayo.

Alhamisi iliyopita upepo ulianza kabla hapajakucha vizuri. Kwanza vumbi, halafu vumbi na theluji pamoja, ule mchanganyiko unaoujua, ambamo huoni hata masikio ya farasi uliyempanda. Ukuta wa zizi upande wa chini ulikuwa umebomoka siku moja kabla na Baba alisema ataujenga kesho. Ndiyo kesho hiyo. Kondoo wote walipitia pale wakatoka, wenye mimba na wenye watoto, wakaenda na upepo.

Baba akamtandika yule farasi wa kahawia. Nikamwambia asubiri upepo upungue. Akanijibu kwamba kondoo hawasubiri. Akajifunga mshipi, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akaondoka. Ana miaka sitini na mitatu, Zolo, na bado akiambiwa jambo na mtoto wake wa kike anaona ni upepo tu unavuma.

Saa nne farasi alirudi peke yake.

Tandiko lilikuwa limegeukia ubavuni na hatamu moja imekatika. Mama alimshika yule farasi shingoni akawa anamuuliza kabisa, kama anavyoulizwa mtu: "Umemwacha wapi? Umemwacha wapi?"

Farasi mwenyewe alikuwa akitetemeka, mbavu zote nje, unajua walivyo wakati huu wa mwaka. Kumrudisha kwenye upepo ule ni kumuua bure. Wengine wote wako mbali malishoni, hakuna aliyewaona tangu Machi. Nikapanda kilimani na simu, mtandao hakuna hata chembe, labda mnara ulikuwa umelala. Kwa jirani yetu Ochir ni kilomita kumi na nane. Kwa miguu, katika hali ile, wangetafuta watu wawili badala ya mmoja.

Kilichobaki ni pikipiki yako.

Hapo ndipo nilipokutukana, na naomba radhi kwa baadhi ya yale maneno, si yote. Miezi sita imelala kwenye kile kibanda cha mawe, juu yake mablanketi mawili ya manyoya, na agizo lako kwamba mtu yeyote asiiguse. Mimi ulininyima hata kuipangusa vumbi. Haya, bwana mkubwa, uliyekataza isiguswe ulishindwa kuitoa betri? Ulishindwa kumwaga mafuta? Hata fundi wa kando ya barabara anayeanza kazi leo anajua kwamba pikipiki haiachwi ilale baridi nzima na petroli tumboni.

Mama alitoa ufunguo sandukuni. Tukaikokota nje, nikauzungusha. Hakuna taa, honi kimya. Nikabonyeza stata, hata kunguruma haikunguruma. Betri imekufa. Basi nikapiga kiki. Nikapiga, nikapiga, nikapiga. Kiki yenyewe ilikuwa nzito, kama mtu anashikilia kwa chini, kwa sababu oili ilikuwa imeganda.

Mama akaleta makaa ya mavi makavu ya ng'ombe kwenye beseni, tukayasukuma chini ya injini, na blanketi moja tukalifanya pazia upande wa upepo. Najua, usinipigie kelele. Ndivyo Baba alivyokuwa akiamsha lori miaka ile ya ushirika, na hakuwahi kuunguza kitu. Tukangoja. Kungoja huko ndiko kulikonimaliza nguvu. Nilikuwa nikihesabu moyoni: Baba ametoka saa kumi na mbili, sasa inakaribia saa sita, amevaa joho la machipuko na si lile zito, buti la kushoto linaingiza maji.

Injini ilipopata joto, kiki ikawa laini. Nikavuta choki, nikapiga. Kimya. Nikafungua plagi kwa spana yako, mkono umechubuka na sikusikia hata maumivu kwa baridi. Plagi nyeusi ti. Nikaikwangua kwa kisu, nikaipasha kwenye jiko, nikaigusisha kwenye chuma na kumwambia Mama apige kiki. Cheche ikaruka, ya bluu, nzuri. Nilifurahi kama mjinga. Nikasema cheche ipo, basi itawaka.

Haikuwaka.

Tukaisukuma hadi pale juu nyuma ya hema, nikaweka gia ya pili, nikashika klachi, Mama akasukuma kwa mabega yake mawili, huyo mama mwenye kikohozi. Chini kabisa nikaachia klachi. Tairi likaburuzika, nikaanguka nayo ubavuni. Tukaipandisha tena. Mara ya tatu Mama alipiga magoti akatapika, nikamwambia basi, inatosha, tusije tukapoteza wote wawili. Alilia. Na mimi nililia, lakini nilikuwa nimejifunga shali usoni, hakuona.

Nikajilazimisha kufikiri kama wewe. Nilikumbuka umekaa pale kwenye kigoda unafundisha watoto wa Ochir, na mimi nakamua mbuzi huku nasikiliza: cheche, hewa, mafuta, pikipiki haitaki kitu cha nne. Cheche ninayo. Chujio la hewa nikalitoa, safi. Basi ni mafuta. Nikafungua skrubu ya chini ya kabureta, nikakinga kiganja.

Yakatoka matone mawili ya petroli. Halafu kikatoka kitu cheupe, kizito, chenye mabonge. Nikakisugua kwa vidole. Nikakinusa. Nilidhani nimerukwa na akili.

"Mama," nikasema, "haya ni maziwa."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikageuka nikamwona uso wake, na hapo nikajua.

"Bakuli moja tu," akasema.

"Bakuli moja la nini?"

"Siku ya Mwezi Mweupe. Farasi wote tuliwapaka maziwa kichwani, mwaka mpya uwakute na heri. Huyu wa kwake alikuwa amesimama gizani peke yake. Nikampaka na yeye. Halafu nikasema, kumpaka tu haitoshi, mwenyewe yuko nchi ya watu, acha nimnyweshe."

"Mama, hii ni pikipiki."

"Najua ni pikipiki, mimi si mjinga. Lakini ndiyo aliyoipanda mwanangu."

Nifanyeje, Zolo? Nicheke? Nipige yowe? Bakuli la maziwa limeganda ndani ya tangi mwezi wa pili, likayeyuka mwezi wa nne, likashuka kwenye koki ya mafuta na kuziba kila kitundu. Mama akaketi chini kwenye theluji, akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimemuua baba yenu."

Nilimkaripia. Sijawahi kumkaripia Mama maishani, nakuapia. Nikamwambia hajamuua mtu, asimame, alete mtungi wa kioo na kitambaa kisafi, sasa hivi. Akasimama. Akaleta ile skafu ya hariri uliyomtumia mwezi wa kumi na moja, ambayo haijawahi kuguswa. Nikamwambia si hiyo. Akasema ndiyo nyembamba kuliko zote, chuja.

Tuling'oa tangi lote tukalimimina kwenye mtungi. Petroli ikakaa juu, maziwa yakazama chini, mstari ukaonekana wazi kabisa. Ile ya juu nikaichuja taratibu kwenye skafu. Tangi nikalisuuza kwa petroli kidogo, nikamwaga, nikasuuza tena. Kabureta nikaifungulia ndani ya hema, juu ya meza ya chai, vipande vyote nikavipanga kama nilivyovitoa ili nisisahau mpangilio. Kile kitundu kidogo cha katikati, kinachopitisha mafuta, kilikuwa kimeziba kabisa. Sindano ya Mama haikuingia. Waya nilikuwa sina. Nikatoka, nikang'oa unywele wa mkia wa yule farasi wa kahawia, nikaupitisha pale, ukatokea upande wa pili. Nikapuliza, nikaona mwanga.

Ilikuwa saa nane kasoro.

Nikaunganisha kila kitu. Skrubu moja ilibaki mkononi na mpaka leo sijui ni ya wapi, utaniambia. Nikafungua koki, nikangoja mafuta yashuke, nikavuta choki. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu, ikakohoa na kutoa moshi mweupe unaonuka kama sufuria iliyoungulia maziwa. Mama alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Ya nne au ya tano ikashika. Ikazubaa kidogo, ikataka kufa, nikaipa mafuta, ikapanda, ikatulia. Sijawahi kupenda mlio wa kitu chochote namna ile.

Mama akaniwekea chupa ya chai kifuani ndani ya joho, na joho zito la Baba akalifunga nyuma. Unajua desturi yake, mtu hatoki mlangoni petu bila yeye kutoka na kijiko na kurusha maziwa kumfuata. Alikuwa nacho mkononi. Alikitazama, akakirudisha ndani. Nilitamani kumwambia arushe, lakini niliogopa kuachia klachi.

Nilikuwa na njia mbili: kwenda kwa Ochir kinyume cha upepo kuomba msaada, au kufuata upepo mwenyewe. Nyayo zote zimefunikwa. Nikajiambia kondoo huenda na upepo mpaka wapate pa kujificha, na upande ule pa kujificha ni lile korongo kavu tu. Nikaufuata. Niliendesha gia ya kwanza na ya pili, miguu chini, nikiogopa injini isife. Kila ikikohoa nami nilibana pumzi. Mara mbili ilipotaka kuzimika nilikuwa nikiisemesha kama mtu mzima aliyechoka, twende mzee wangu, twende, bado kidogo.

Kondoo niliwaona kwanza. Walikuwa chini ya ukingo wa korongo wamebanana, migongo myeupe kwa theluji. Nikasimama pale juu, sikuzima, nikawa natazama nisione mtu.

Halafu nikasikia sauti kutoka katikati yao. Ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa yake.

"Zolo! Zolo, umerudi?"

Nilishuka nikiteleza. Alikuwa amelala ubavu, kondoo wamemzunguka, na hao ndio waliomwokoa kwa joto lao. Farasi aliteleza ukingoni akamwangusha, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Ndani ya joho lake, kifuani, alikuwa na wana-kondoo wawili waliozaliwa mchana uleule. Uso wake ulikuwa umegeukia kule juu ilikonguruma pikipiki, na ulikuwa na furaha, Zolo. Mtu mwenye mguu uliovunjika, yuko kwenye theluji tangu asubuhi, na anatabasamu.

Nikafungua shali. "Ni mimi, Baba. Dulmaa."

Alinitazama. Akaangalia nyuma yangu, kule juu.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akafumba macho. Nikamnywesha chai, nikamfunika joho zito, nikaufunga mguu kwa mshipi wake na mti wa mjeledi. Hakulalamika. Nilipomwambia naenda kwa Ochir kuleta gari, alisema neno moja tu, nisiizime. Nikamwambia siizimi, Baba, nikiizima nani ataiwasha.

Ochir alikuja na lori lake na jirani mmoja, wakamtoa kabla jua halijazama. Kondoo walipotea kumi na mmoja tu. Sasa Baba yuko hospitali ya wilaya, mguu umefungwa plasta, vidole viwili vya mguu wa kushoto wamevikata. Daktari amesema wiki tano au sita. Anakula, anagombana na wauguzi kuhusu chai isiyo na chumvi, kwa hiyo ujue anapona. Sasa unaweza kushusha pumzi.

Hajui habari ya maziwa. Nimemwambia mafuta yaliingia maji. Ochir aliuona mtungi, akanusa, akanitazama, na tangu hapo amefunga mdomo, Mbingu imbariki. Lakini Mama hajarusha maziwa tangu siku ile, si kwa mgeni, si kwa jua linapochomoza. Asubuhi hutoka na kijiko, husimama, hurudi ndani. Anasema baraka yake ina mkosi. Mimi nimesema mpaka nimechoka, hanisikii. Ukiongea naye, muombe wewe akurushie, mwambie huko kazini unahitaji. Kwa ajili yako atafanya.

Sasa lile nililotaka kukwambia tangu mstari wa kwanza. Tangu mlipoambiana yale maneno ya hasira mlangoni siku ulipoondoka, mwezi wa kumi, Baba hajalitaja jina lako hata mara moja. Barua zako anasomewa akiwa amegeukia jiko. Mimi nilidhani amekufuta, na nadhani na wewe unadhani hivyo, ndiyo maana kila ukipiga unamuuliza Mama tu. Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Mzee wetu hiyo methali hajawahi kuisikia.

Nilikuwa na vidole vimechubuka mpaka nyama. Niliwasha ile pikipiki kwa mikono yangu, nikaiendesha kwenye upepo ule, nikamkuta. Na jina lililomtoka ni lako. Iliniuma, sikufichi. Inaniuma hata sasa ninapoandika, na nimekaa siku saba nikifikiri kama nikwambie au niliweke liwe langu. Nimeona si langu.

Kila Jumapili saa nne asubuhi nitakuwa kando ya kitanda chake, simu ninayo, na mtandao wa hospitali ni mzuri. Usimpigie Mama. Piga hapo. Atakataa kuishika, tena atakataa kwa maneno makali, unamjua. Nitaiweka mwenyewe sikioni pake na kuishikilia. Wewe usiombe msamaha wala usieleze kitu. Mwambie tu kwamba ni wewe.

Mama anakusalimu sana. Ochir na mkewe wanakusalimu, pamoja na shangazi Tsend wa upande wa pili wa mlima, anayetaka kujua kama umeshapata mchumba huko au bado unajipikia. Pikipiki yako nayo haijambo. Safari hii betri nimeitoa, na ufunguo ninao mimi.

Njia yako iwe nyeupe, afya yako isitetereke, na siku utakapogeuza uso kuja nyumbani usikute upepo.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ninapokukasirikia,

Dulmaa